Kabla ya Kuhamia Shamba Jipya: Tupange Mapema, Umeme Utukute Pamoja

Mavuno yakiisha huku Ufipa, njia zinakauka. Mito midogo inapitika. Huo ndio wakati wa watu kuhama.

Wanaohama wengi ni vijana waliooa karibuni. Shamba la baba limegawanywa kwa ndugu wanne au watano. Kila mmoja amepata kipande kidogo, na kipande hicho kimelimwa miaka mingi. Kwa hiyo kijana anatafuta ardhi mpya. Wengine wanakwenda pembeni mwa vijiji vya Nkasi na Kalambo. Wengine wanateremka bonde la Ziwa Rukwa. Wengine wanavuka mpaka kwenda Mkoa wa Katavi.

Zamani mtu aliyehama aliuliza maswali mawili. Je, kuna maji? Je, udongo ni mzuri? Siku hizi kuna swali la tatu. Je, umeme utafika?

Swali hili ni zuri. Taa humsaidia mtoto kusoma usiku. Mashine ya kusaga ikiwa karibu, mama hatembei nusu siku na debe la mahindi kichwani. Zahanati yenye umeme hutunza dawa za chanjo, na mkunga huona anachofanya usiku.

Lakini wengi huuliza swali hili wakiwa wamechelewa. Wamekwisha choma matofali. Wamekwisha jenga. Wamekwisha ezeka bati. Ndipo wanakwenda kuuliza habari za nguzo. Nyumba ya matofali haibebwi mabegani kupelekwa karibu na nguzo.

Ndugu msomaji, kazi ya kuleta umeme huanza siku unapochagua mahali pa kujenga. Ukichagua vizuri, utaupata kwa gharama ndogo. Ukichagua vibaya, unaweza kuziona nyaya kwa mbali miaka kumi.

TUKUMBUKE TULIKOTOKA

Wafipa tangu zamani walizoea kukaa katika vijiji vya nyumba zilizo karibu karibu. Mashamba yalikuwa nje ya kijiji.

Baadaye, katika nchi nzima, ilikuja kazi ya kuhamia vijijini. Mwezi Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo imalizike kufikia mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa. Mahali pengi kazi ilifanywa kwa haraka. Watu wengine walipelekwa mahali pasipo maji ya kutosha. Wengine walikuta mashamba yako mbali mno na nyumba. Wengine walihamishwa kabla mahali pa kulala hapajawa tayari.

Wazee wetu wanaikumbuka miaka hiyo. Tunaweza kupata mafunzo mawili. Funzo la kwanza: kuhama bila matayarisho huleta shida na njaa. Funzo la pili: watu wakikaa karibu karibu, ni rahisi kuwapelekea shule, bomba la maji, na umeme.

UMEME WA RUKWA ULITOKA WAPI

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Wakati huo umeme ulikuwa kitu cha mjini na cha misheni. Kaengesa, kwa mfano, palijengwa mtambo mdogo unaoendeshwa na nguvu ya maji katika miaka ya 1960. Mji wa Sumbawanga ulitegemea jenereta za dizeli. Mtambo mkubwa wa Kidatu ulianza kazi mwaka 1975, lakini nyaya zake hazikufika kwetu. Baadaye Sumbawanga iliunganishwa na umeme unaonunuliwa toka nchi jirani ya Zambia, kwa nyaya zinazopita upande wa Mbala.

Katika miaka hii ya 2020, Serikali ilianza kujenga njia kubwa ya umeme ya kilovolti 400. Njia hiyo ni ya kutoka Iringa kupita Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga. Shabaha yake ni kuiunganisha Rukwa na gridi ya Taifa, na pia kuiunganisha Tanzania na Zambia.

Kwa upande wa vijijini, Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005. Wakala wa Nishati Vijijini, unaoitwa REA, ulianza kazi mwaka 2007. Kufikia mwaka 2024 Serikali ilikuwa imetangaza kwamba karibu vijiji vyote vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Vijiji hivyo ni zaidi ya 12,300.

Tulielewe vizuri neno "kimefikiwa". Kijiji kikifikiwa, maana yake nyaya zimeingia katika kijiji. Kwa kawaida zimefika penye shule, zahanati, ofisi ya kijiji, maduka na nyumba zilizo karibu. Huenda vitongoji vya mbali bado havijapata. Na shamba jipya mara nyingi liko katika kitongoji cha mbali, au nje kabisa ya vitongoji.

KWANZA ARDHI IWE YAKO KWA HAKI

Usianze na matofali. Anza na ardhi.

Ardhi ya vijiji huongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi peke yake. Lazima ugawaji huo ukubaliwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Mtu mmoja akikuambia, "Nipe fedha, pori lile lote ni langu," usimpe. Nenda kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Uliza mambo haya:

1. Je, ardhi hiyo ni ya mtu, ni ya kijiji chote, au ni ya akiba?
2. Je, kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi? Sehemu hiyo imepangiwa makazi, kilimo, malisho au msitu?
3. Je, kuna mgogoro wa mpaka na kijiji cha jirani au na hifadhi?
4. Je, wafugaji hupitisha ng'ombe wao hapo kwenda kunywa maji?

Swali la nne lisidharauliwe. Huku Rukwa tuna wakulima wengi na wafugaji wengi. Mtu akijenga juu ya njia ya ng'ombe, anaanza maisha mapya kwa ugomvi.

Ukikubaliwa, omba Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Mipaka ipimwe majirani wakiwepo. Pandeni katani au minyaa kwenye pembe za shamba, ili mpaka uonekane.

Jambo jingine kubwa: mke na mume waandikwe wote wawili. Sheria inasema mwanamke ana haki ya kupata ardhi na kuimiliki sawa na mwanamume. Mume akifariki na jina ni lake tu, mara nyingi mama na watoto husumbuliwa. Majina mawili katika hati huzuia taabu nyingi.

Hati hiyo ina faida hata katika kazi ya umeme. Nguzo hazitakiwi kusimamishwa kwenye ardhi yenye ugomvi. Mwenye hati na mipaka iliyo wazi hana cha kumchelewesha.

PILI MAJI NA NJIA

Nenda ukakague ardhi hiyo mara mbili. Nenda mara moja mwezi Oktoba, wakati wa ukame mkali. Nenda mara ya pili mwezi Machi, mvua zikiwa nyingi. Mwezi Oktoba utaona kama kijito kinakauka. Mwezi Machi utaona kama njia inapitika na kama mahali unapotaka kujenga hapatuami maji.

Usijenge wala kulima ukingoni mwa mto au kijito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mita 60 ni kiasi cha hatua 80 ndefu za mtu mzima. Eneo hilo liachwe na majani yake, ili maji yasikauke.

Njia ni muhimu kama maji. Lori linaloleta bati na saruji hupita njiani. Gari linaloleta nguzo hupita njiani pia. Na mara nyingi nyaya za umeme hufuata barabara, kwa sababu mafundi hupata urahisi wa kujenga na kutengeneza. Penye njia nzuri pana matumaini ya umeme. Penye kijia cha mguu tu, itachukua muda mrefu.

TATU MAHALI PA NYUMBA

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa. Tuchukue mfano wa kaya mbili. Kila kaya imepewa ekari 10 katika kitongoji kipya.

Kaya ya kwanza imejenga katikati ya shamba lake. Mume anasema, "Nikikaa hapa nitalinda mahindi yangu." Nyumba hiyo iko mita 900 toka nguzo ya mwisho ya kijiji. Majirani wake nao wamejenga kila mmoja katikati ya shamba lake. Nyumba zimetawanyika kama mbuzi waliopotewa na mchungaji.

Kaya ya pili imekubaliana na kaya nyingine 11. Wote wamejenga kando ya njia moja, upande huu na upande ule. Mashamba yako nyuma ya nyumba. Kila siku wanatembea kidogo kwenda kulima.

Sasa tufanye hesabu. Kwa kawaida, nyumba iliyo ndani ya mita 30 toka nguzo haihitaji nguzo nyingine. Waya huvutwa moja kwa moja hadi kwenye nyumba. Nyumba iliyo hadi mita 70 huhitaji nguzo moja zaidi. Nyumba iliyo hadi mita 120 huhitaji nguzo mbili. Zaidi ya hapo, kazi si ya kuunganisha nyumba tena. Ni kazi ya kujenga njia mpya ya umeme.

Unaweza kupima mwenyewe kwa miguu. Hatua 4 ndefu ni kiasi cha mita 3. Kwa hiyo mita 30 ni hatua 40. Mita 120 ni hatua 160. Kaya yetu ya kwanza iko hatua 1,200 toka nguzo ya mwisho. Inahitaji nguzo kama 18 au 20 kwa ajili ya nyumba moja. Hata nguzo zingekuwepo, umeme mdogo unaosafirishwa mbali katika nyaya hupungua nguvu njiani. Taa huwaka kwa unyonge. Ndiyo sababu hutakiwa transfoma nyingine karibu.

Kaya za mfano wa pili pia ziko mbali na nguzo ya mwisho. Lakini wao ni kaya 12. Nguzo zilezile 20 zitawafaa watu wote 12, na transfoma moja itawatosha. Wanapokwenda ofisini kuomba, maombi yao yana uzito. Anayepanga kazi ya nguzo huangalia ni watu wangapi watanufaika.

Wengine watauliza, "Je, mahindi yetu yataliwa na ngedere na nguruwe?" Hoja hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni dungu. Mazao yakianza kukomaa, jenga dungu shambani, na watu wa nyumbani walinde kwa zamu. Dungu hujengwa kwa miti na nyasi siku mbili. Nyumba ya matofali inabaki njiani, pamoja na majirani.

Basi, kabla ya kujenga, wanaohama wakutane na mwenyekiti wa kitongoji. Wachore njia. Waache nafasi pande zote mbili za njia kwa ajili ya nguzo na bomba la maji. Nafasi hiyo isijengwe, wala isipandwe miti mirefu. Waulize pia ofisi ya TANESCO ya wilaya ni upana gani unaotakiwa kuachwa chini ya nyaya.

NNE KUOMBA UMEME

Nyaya zikiwa zimefika karibu, fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza ni kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Mwambie akuonyeshe leseni yake. Asiye na leseni anaweza kukutoza fedha kidogo, lakini nyumba ikiungua, hasara ni yako.

Mwenye nyumba ndogo ya chumba kimoja au viwili anaweza kuuliza habari za kifaa kinachoitwa UMETA, yaani Umeme Tayari. Kifaa hicho kina swichi, soketi na mahali pa taa vikiwa pamoja. Hupunguza gharama ya kutandaza nyaya nyumba nzima.

Hatua ya pili ni kupeleka maombi TANESCO, ukiwa na kitambulisho chako cha Taifa. Mpimaji atakuja kuona nyumba na kupima umbali.

Hatua ya tatu ni kulipa. Lipa kwa namba ya malipo ya Serikali uliyopewa ofisini, katika benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha mkononi. Wako watu wanaoitwa vishoka. Hujifanya ni wafanyakazi wa TANESCO. Huchukua fedha za nguzo kisha hawaonekani tena.

Hatua ya nne ni kufungiwa mita ya LUKU. LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Unanunua uniti kwanza, kisha unatumia.

Gharama ya kuunganishwa vijijini iliwekwa kuwa shilingi 27,000, na ilibaki hivyo wakati bei za mjini zilipotangazwa upya mwezi Januari 2022. Mjini, kwa nyumba isiyohitaji nguzo, ilitangazwa shilingi 320,960. Tofauti ni kubwa. Lakini usisahau: shilingi 27,000 si gharama yote. Nyaya za ndani, swichi, soketi, taa na fundi ni juu yako. Watu wengi wana nguzo mlangoni lakini wako gizani kwa sababu hawakuweka akiba ya nyaya za ndani. Uliza bei ya siku hiyo ofisini kabla ya kupanga.

Uniti moja ni nini? Ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Taa ya wati 5 ikiwashwa saa 5 kila usiku, uniti moja huiwasha kwa siku 40. Kwa taa na redio, uniti chache zinatosha mwezi mzima.

Kama kitongoji chenu kinataka mashine ya kusaga, semeni mapema, wakati wa upimaji. Mashine kubwa huhitaji umeme wa fezi tatu. Nyaya za taa peke yake haziwezi kuiendesha.

TANO WAKATI WA KUNGOJA TUTUMIE JUA

Umeme wa nguzo unaweza kuchukua miaka. Katika miaka hiyo tusikae gizani. Ufipa tuna jua zuri, hasa toka Mei hadi Oktoba.

Kwa mwaka wa kwanza, taa ndogo ya sola yenye paneli yake inatosha. Mtoto atasoma, na simu itapata chaji. Ukitaka zaidi, fanya hesabu kabla ya kwenda dukani.

Andika vitu utakavyotumia. Mfano:

Taa 4, kila moja wati 5, kwa saa 5: 4 x 5 x 5 = 100.
Redio moja ya wati 8, kwa saa 5: 8 x 5 = 40.
Simu 2, kila moja 15: 2 x 15 = 30.
Jumla ni 170 kwa siku.

Umeme kidogo hupotea katika betri na nyaya. Ongeza robo. Unapata kama 213. Wakati wa masika mawingu ni mengi. Hesabu saa 3 tu za jua kali kwa siku. Gawanya 213 kwa 3. Unapata 71. Kwa hiyo paneli ya wati 80 inakufaa. Betri ya volti 12 yenye ampea 60 kwa saa itakupitisha siku 2 za mawingu. Betri ya maji ya asidi usiitumie mpaka iishe kabisa. Ikifika nusu, ichaji. Usipofanya hivyo, itakufa upesi.

Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua huwa upande wetu wa kaskazini. Paneli itazame kaskazini. Ilazwe kidogo tu, kiasi cha nyuzi 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi. Isiwekwe chini ya kivuli cha mti. Wakati wa kiangazi ifute kwa kitambaa chenye maji.

Paneli haitaendesha pasi wala jiko. Vitu hivyo hula umeme mwingi. Kwa kupika bado tutahitaji kuni. Nchi yetu ya juu ina majani mengi na miti michache. Kwa hiyo panda miti ya kuni mwaka wa kwanza kabisa, mbali na chemchemi na mbali na nafasi ya nguzo.

Nina onyo moja kwa wakulima. Usiuze maksai ili ununue paneli kubwa. Taa haitalima. Maksai wawili na plau yao ndio watakaokupa mahindi ya kula na ya kuuza. Mahindi ndiyo yatakayolipa umeme. Mtu akiuza maksai mwezi Septemba, mwezi Novemba mvua zikianza atakuwa na jembe la mkono tu na pori la ekari 10.

SITA RADI

Ufipa tunaijua radi. Kila masika huua watu na ng'ombe. Uwanda wetu ni wa juu na ni wazi. Hewa yenye unyevu hupanda toka mabonde ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ikawa mawingu mazito. Radi ni umeme unaotoka katika mawingu hayo. Hupenda kupiga kitu kirefu kilicho peke yake.

Radi haitumwi na jirani. Kumshitaki mzee wa kijiji kwa sababu radi imepiga nyumba ni dhuluma. Watu wasio na hatia wamepoteza maisha kwa sababu ya tuhuma za namna hii.

Fundi akitandaza nyaya, hakikisha ameweka ethi. Hiyo ni fimbo ya chuma au shaba inayochimbiwa ardhini na kuungwa na nyaya za nyumba. Kazi yake ni kupeleka ardhini umeme uliopotea njia, ili usimpige mtu anayeshika pasi au redio. Ethi hiyo peke yake haizuii radi. Shule na majengo makubwa huwekewa chuma cha kuzuia radi juu ya paa, chenye waya wake mnene hadi ardhini. Muulize fundi mwenye leseni.

Ngurumo zikianza, chomoa redio na televisheni. Ondoka shambani. Usisimame chini ya mti ulio peke yake, wala usifunge ng'ombe hapo. Ingia ndani ya nyumba, na usiegemee ukuta wenye nyaya.

SABA TUPANGE MWAKA

Kuhama ni kazi ya mwaka mzima. Huu ni mpango unaoweza kufuatwa:

Oktoba: Kagua ardhi na maji. Onana na Afisa Mtendaji wa Kijiji. Anza maombi ya ardhi.

Februari na Machi: Ukiwa umekubaliwa, nenda ukalime intumba katika shamba jipya. Wazee wa Ufipa wanajua kazi hii vizuri. Majani marefu hufunikwa kwa udongo kuwa matuta ya mviringo. Majani huoza na kuwa mbolea. Panda maharage juu ya matuta. Pori lisichomwe moto, kwa maana moto huunguza mbolea hiyo.

Mei na Juni: Vuna maharage. Vuna mahindi ya shamba la zamani. Usiuze yote. Tufanye hesabu ya chakula. Kaya ya watu 6, wakubwa na wadogo, hula kama kilo 2 na nusu za mahindi kwa siku. Kwa siku 365 ni zaidi ya kilo 900. Hayo ni magunia 9 ya kilo 100. Ongeza gunia moja la dharura. Magunia 10 yabaki katika kihenge.

Julai na Agosti: Kutaneni, chora njia, fyatua na choma matofali. Kumbukeni baridi ya Ufipa miezi hii. Watoto wasilale katika kibanda kisicho na ukuta.

Septemba: Jengeni mkisaidiana, nyumba moja baada ya nyingine. Andikeni majina ya kaya zote na mpeleke maombi ya pamoja kwa uongozi wa kijiji na TANESCO.

Oktoba: Hamieni. Sambazeni matuta ya intumba tayari kwa kupanda. Andaeni mbegu, kilo 10 za mahindi kwa ekari.

Novemba: Mvua zikinyesha, pandeni mapema. Ekari 2 au 3 zilizolimwa vizuri ni bora kuliko ekari 10 zilizojaa magugu.

Mavuno ya mwaka unaofuata yakiuzwa, weka fungu la nyaya za ndani kabla ya kununua kitu kingine. Siku nguzo zitakapokuja, ziikute nyumba iko tayari.

Ndugu wakulima, ardhi mpya ni nyingi kuliko nguzo. Serikali haiwezi kumfuata kila mtu katikati ya shamba lake. Lakini watu 12 waliokaa kando ya njia moja, wenye hati mkononi na nyumba zilizo tayari, ni vigumu kuwapita.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Toka nyumbani kwako hadi nguzo ya mwisho ni hatua ngapi? Hizo ni mita ngapi?
2. Katika kitongoji chenu, ni kaya ngapi zinaweza kuomba umeme pamoja?
3. Je, jina la mke limeandikwa katika hati ya shamba lenu? Kama halimo, mtafanya nini?
4. Orodhesha vitu unavyotaka kutumia kwa umeme wa jua. Unahitaji paneli ya wati ngapi?